Mzee anastaafu, gari gani livute tela Old Moshi? Pima haya kabla mafao hayajaisha

Moshi. Miezi michache kabla mzazi hajafikisha miaka 60, kundi la WhatsApp la familia hubadilika. Michango ya harusi na picha za wajukuu husogea pembeni, swali moja linashika nafasi: mzee akirudi nyumbani moja kwa moja, atatembelea nini?

Kwa familia zenye kihamba Old Moshi, swali hilo si la anasa. Nyumba iko mlimani, shamba la mahindi liko tambarare, hospitali na benki ziko mjini, na watoto wako Dar es Salaam, Arusha au Mwanza. Ng'ombe waliofungiwa bandani hawatoki kwenda malishoni, majani ndiyo yanayowafuata walipo. Ndiyo maana wazo la kununua gari lenye nguvu ya kuvuta tela huja mapema, na huonekana kuwa la busara.

Tatizo ni kwamba uamuzi huo hufanywa haraka, tena kwa fedha inayoingia mara moja tu maishani. Gari likichaguliwa kwa kutazama la jirani, au kwa kumfurahisha mzee siku ya kuagwa kazini, miaka miwili baadaye huweza kuwa limeegeshwa kwenye migomba likiwa limefunikwa turubai. Mafao yamekwisha, na mzee mwenye goti bovu anapanda bodaboda.

Huko Ulaya na Marekani wapo wastaafu wanaonunua gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani, kisha wakafunga tela nyuma na kuzunguka nchi. Magari ya namna hiyo hupita hata Moshi, yakiwa na wageni wanaovuka Afrika kwa barabara. Mstaafu wa Old Moshi hana haja ya kitanda ndani ya gari, kwa kuwa nyumba anayo. Lakini maswali ambayo mwenzake wa ng'ambo hujiuliza kabla ya kununua yanamhusu naye: tela litabeba uzito gani, barabara ina mwinuko gani, nani ataendesha, na mwili wa dereva utaweza kwa miaka mingapi?

Orodhesha safari kwanza

Mji wa Moshi tunaoujua leo ulikua huku chini baada ya reli kutoka Tanga kufika mwanzoni mwa miaka ya 1910. Moshi ya zamani, makao ya Mangi Rindi na mwanawe Mangi Meli, ilibaki juu mlimani, na ndiyo Old Moshi. Tangu wakati huo maisha ya wakazi wake yamekuwa ya kushuka na kupanda.

Anayetoka Kiboriloni kwenda Kikarara, Tsuduni hadi Kidia anapanda mamia ya mita ndani ya safari fupi. Mji uko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati vijiji vya juu vinapita mita 1,400. Gari linalotembea vizuri Dar es Salaam kwenye barabara tambarare halijajibu swali la mlima huo.

Kabla ya kutaja aina ya gari, familia ichukue karatasi na kuandika safari za mwaka mzima katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni safari za kila wiki, kama vile kanisani, sokoni Kiboriloni, benki, kliniki ya presha au kisukari, na misiba. La pili ni safari za msimu, yaani kupandisha mahindi na maharage baada ya mavuno, mabua ya mifugo, pumba na saruji ya kumalizia banda. La tatu ni safari za Desemba, watoto na wajukuu wanapopanda wote kwa Krismasi.

Ukishaandika hivyo, jambo moja hujitokeza. Safari za kila wiki ni nyingi na hubeba watu wawili au watatu wasio na mzigo mkubwa. Za msimu ni chache ila nzito. Za Desemba hujaza gari kwa wiki mbili tu. Familia nyingi hununua gari kwa ajili ya Desemba, kisha wazee wawili wanalilisha mafuta miezi 11 iliyobaki.

Hesabu ya tela

Tela huonekana jepesi linapokuwa tupu. Chukua mfano wa mstaafu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 400. Kwa makadirio ya wafugaji, ng'ombe hula majani mabichi yanayofikia takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku. Hiyo ni kilo 40 kwa kila mmoja, au kilo 80 kwa wote wawili.

Watengenezaji wengi wa magari madogo na ya kati huweka kikomo cha kilo 750 au pungufu kwa tela lisilo na breki zake lenyewe. Kikomo hicho kinajumlisha tela na mzigo. Kama tela tupu lina kilo 250, zinabaki kilo 500 za mzigo, sawa na magunia matano ya mahindi ya kilo 100. Kwa majani mabichi, hicho ni chakula cha ng'ombe wale wawili kwa siku sita tu.

Sehemu kubwa ya uzito wa majani mabichi ni maji, kwa hiyo anayesafirisha majani yaliyokatwa asubuhi anachoma mafuta kupandisha maji mlimani. Majani yaliyokaushwa na mabua hubeba chakula kingi zaidi kwa kila kilo, na kwa mzigo uleule familia huweza kupunguza idadi ya safari. Mabua peke yake hayatoshi kumlisha ng'ombe wa maziwa, lakini yakichanganywa na majani ya kihambani na pumba yanasaidia sana.

Mabua nayo yana shida yake. Hujaza nafasi kabla hayajafikia uzito, hivyo watu huyapanga juu kwa juu. Tela lenye mzigo mrefu kwenda juu hupinduka kirahisi kwenye kona. Mzigo upangwe chini, sehemu nzito iwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na ufungwe kwa kamba pande zote. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela uegemee kwenye kiungo cha gari. Uzito wote ukilala nyuma, tela huanza kuyumba na kuliburuza gari kushoto na kulia.

Kikomo cha kuvuta kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi anaweza kuchomelea chuma cha kufungia tela nyuma ya gari lolote, lakini kuchomelea hakuongezi nguvu ya breki wala ya giaboksi. Kama kitabu cha gari kinasema lisivute, jibu limeshapatikana. Kumbuka pia kwamba watu waliomo ndani ya gari ni uzito. Watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350 kabla mtu hajapakia hata kreti ya soda.

Mlima unadai kupanda na kushuka

Kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10 za barabara, tela la kilo 1,000 hulivuta gari nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Nguvu hiyo haipumziki hadi mwinuko uishe. Injini isiyo na turbo nayo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Gari lililotosha kwa shida kule Kibaha, Old Moshi halitatosha.

Hata hivyo, hatari kubwa iko kwenye kushuka. Dereva anayeteremka na tela lililojaa huku amekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zikaacha kushika. Njia salama ni kuingiza gia nzito kabla ya kuanza mteremko, si katikati yake, na kuiacha injini ishike gari. Kwenye gari la otomatiki, dereva ajue alama za gia za chini, kama 2 au L, na azifanyie mazoezi bila mzigo kwanza.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za udongo zinazoingia kwenye vihamba huteleza. Gari linalozungusha magurudumu yote manne husaidia kupanda, lakini halina breki bora kuliko jingine wakati wa kushuka. Tela lililojaa kwenye utelezi ni sababu ya kutosha ya kuahirisha safari hadi kesho yake mchana.

Kuna pia swali la kugeuza. Njia nyingi za kwenda majumbani ni nyembamba, upande huu masale ya mpaka, upande ule mfereji. Tela linaporudishwa nyuma huenda kinyume na usukani unakozungushwa, na dereva hulazimika kugeuza shingo mara kwa mara. Asiyeweza kurudi nyuma atalifungua tela na kulisukuma kwa mikono. Hapo ndipo migongo ya watu wazima inapoumia.

Gari lipi linafaa?

Hakuna gari moja linaloshinda kwa kila familia. Pikapu kubwa kama Toyota Hilux imejengwa kwa fremu imara, hubeba na kuvuta, na mafundi wake ni wengi. Gharama yake ni bei kubwa, matairi ghali, na kiti kilicho juu ambacho goti bovu hukipanda kwa maumivu. Kukiwa hakuna mzigo nyuma, husukasuka kwenye barabara mbaya, na anayeumwa mgongo huihisi kila safari.

Toyota Noah inapendwa kwa sababu hubeba familia, mlango wake wa pembeni hufunguka kwa kuteleza, na mama mzee huingia bila kuinama sana. Kwa safari za kanisani na hospitali ni msaada mkubwa. Lakini ni gari la abiria. Kuigeuza trekta ya kuvuta mahindi kila wiki ni kuifupishia maisha giaboksi yake.

Suzuki Carry, maarufu kama Kirikuu, hutumia mafuta kidogo na hupenya njia nyembamba. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina injini ya cc 660 na zimeruhusiwa kubeba kilo 350. Kwa anayepandisha majani kidogo kidogo inaweza kutosha bila tela kabisa. Kwa anayetaka kupandisha magunia 10 kwa mkupuo, haifai.

Magari madogo ya kutembelea, hasa yenye giaboksi ya CVT, yaachiwe kazi yake ya kubeba watu. Mengi yake ama hayaruhusiwi kuvuta tela, ama yana kikomo kidogo sana.

Njia ambayo familia nyingi huiruka ni kutenganisha watu na mzigo. Wazee wanaweza kuwa na gari dogo au la kati lililo rahisi kuingia, kisha mzigo wa msimu ukapandishwa kwa pikapu ya kukodi, au kwa gari na tela vinavyomilikiwa na ndugu wa ukoo kwa pamoja. Mabua hayasafirishwi kila siku, lakini presha hupimwa kila mwezi.

Mwili wa dereva nao ukaguliwe

Watu hukagua injini, chesisi na kadi ya gari, na kumsahau dereva. Mstaafu wa miaka 60 akinunua gari la kutumia miaka 10, gari hilo litaendeshwa na mtu wa miaka 70. Lichaguliwe kwa ajili ya mtu huyo.

Macho ndiyo ya kwanza. Kadiri umri unavyokwenda, jicho hupitisha mwanga kidogo zaidi na huchelewa kupata nafuu baada ya kumulikwa na taa za gari linalokuja. Mtoto wa jicho huongeza ukungu na miale kuzunguka taa. Presha ya macho hula uwezo wa kuona pembeni polepole, bila maumivu, na mgonjwa huweza kuendesha miaka kadhaa bila kujua kwamba haoni watoto wanaotembea kando ya barabara. Kipimo cha macho, iwe Mawenzi, KCMC au kituo kingine chenye huduma hiyo, kifanyike kabla ya kulipia gari.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vinavyoshusha sukari, hatari ni sukari kushuka akiwa kwenye usukani. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Apime kabla ya safari. Ikiwa chini ya 4 kwenye mashine za kipimo cha mmol/L, asiendeshe hadi ale, ipande, na apate nafuu kamili. Ndani ya gari pasikosekane kitu cha sukari kinachofikika kwa mkono.

Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla, na nyingine humfanya aende haja ndogo mara nyingi. Dawa za mzio na za maumivu makali zinaweza kuleta usingizi. Mzee amuulize daktari au mfamasia swali moja lililo wazi: nikitumia dawa hii, naweza kuendesha?

Magoti, nyonga na shingo hupimwa garini kwenyewe. Siku ya kwenda kuangalia gari, mzee aende mwenyewe, asitumiwe picha. Apande na kushuka mara tano. Akae kwenye kiti kwa dakika 20. Akanyage klachi mara 30 mfululizo, kwa kuwa kwenye foleni ya mlimani ndivyo itakavyokuwa. Ageuke kuangalia nyuma pande zote mbili. Anayeshindwa siku hiyo, akiwa na furaha ya gari jipya, hataweza miaka mitano baadaye. Kwa wengi wenye goti la kushoto bovu, otomatiki ndiyo jibu.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani mapema. Mtu aliyezoea kupanda na kushuka kwa miguu akipata gari huacha kutembea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima, wakiwamo wenye miaka 65 na zaidi, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Gari lichukue mzigo na safari ndefu, lakini safari ya kwa jirani na ya jumuiya ibaki ya miguu kadiri afya inavyoruhusu.

Fedha ya mkupuo

Kwa watumishi wa umma wanaolipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), kikokotoo kilichoanza Julai 1, 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, kinachobaki kikilipwa kama pensheni ya kila mwezi. Bajeti iliyosomwa Juni 2024 ilitangaza kuipandisha asilimia hiyo hadi 40 kwa waliokuwa kwenye utaratibu wa asilimia 50 hapo awali. Vyovyote vile, mkupuo haurudi mara ya pili, na pensheni ya mwezi ndiyo itakayonunua mafuta, bima na matairi.

Fanya hesabu hii ya mfano, kisha weka bei zako mwenyewe. Tuseme pikapu ya kukodi kutoka shambani hadi kihambani ni Sh60,000 kwa safari, na familia inahitaji safari mbili kwa mwezi. Hiyo ni Sh120,000 kwa mwezi, au Sh1.44 milioni kwa mwaka. Gari la Sh18 milioni lingelipia kukodi huko kwa miaka 12 na nusu, na hapo halijawekewa hata lita moja ya mafuta.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba gari halina maana. Maana yake ni kwamba mzigo peke yake mara nyingi hautoshi kuwa sababu ya kulinunua. Sababu yenye nguvu huweza kuwa nyingine: mama anayekwenda kliniki mara kwa mara, mgonjwa wa kukimbizwa usiku, au biashara ya maziwa yanayopaswa kufika mjini kila asubuhi. Familia itaje sababu halisi, halafu ichague gari linalotibu sababu hiyo.

Anayeagiza kutoka Japani akumbuke kwamba bei iliyo mtandaoni si bei ya gari likiwa Moshi. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na ushuru mwingine unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo mtandaoni kinachotoa makadirio kabla mtu hajatuma fedha. Tela nalo lina gharama zake: usajili, taa, matairi na bima. Muulize wakala wa bima, na upate jibu kwa maandishi, kama ajali itakayosababishwa na tela inalipwa.

Busara ni kutenga fedha ya miaka miwili ya matengenezo kabla ya kununua. Kama baada ya kuitenga gari halinunuliki, basi ni ghali kwa mfuko huo.

Wajukuu na tela

Desemba ndiyo mwezi wa vishawishi. Babu ana pikapu, wajukuu ni 12, na tela liko tupu. Watoto hulia kwa furaha wakipandishwa nyuma, na wazazi hupiga picha. Lakini aliye kwenye tela hana mkanda, hana cha kushika, na dereva hamsikii akianguka. Kwenye barabara zenye kona na makorongo ya Old Moshi, hilo ni jambo ambalo mzazi anapaswa kulikataa hata kama ni babu aliyesema.

Namna ya kusema ina umuhimu wake. Mwana mkubwa anaweza kumwambia, "Baba, tunaomba watoto wapande kwa zamu, twende safari mbili. Mafuta tutaweka sisi." Mzee haaibishwi mbele ya wajukuu, na watoto wanafika salama.

Mambo mengine ni madogo ila huokoa. Tela likiegeshwa, magurudumu yawekewe kabari, si jiwe la kuteleza. Mnyororo wa usalama ufungwe kila safari, ili kiungo kikichomoka tela lisiende peke yake. Taa za nyuma zipimwe kabla ya kutoka. Watoto wasichezee chini ya tela lililoinuliwa.

Mama ana nafasi gani?

Katika vikao vingi vya kununua gari, mama husikiliza na kuandaa chai. Ndiye anayekata majani, anayekamua ng'ombe na, mara nyingi, ndiye atakayebaki baada ya mwenzake. Kama hawezi kuliendesha gari lile wala kuinua kiungo cha tela, siku mzee atakapolazwa gari litabaki limesimama wakati linapohitajika zaidi.

Aulizwe mapema: anataka kujifunza kuendesha? Anaweza kulipanda? Kama hapana, ni kijana gani wa karibu mwenye leseni inayolingana na gari hilo, atakayekuja usiku akipigiwa simu? Jina na namba yake vibandikwe ukutani. Familia ikikosa mtu wa namna hiyo, ihesabu kwamba dereva ni mmoja tu, tena mwenye umri mkubwa.

Siku ya kuachia usukani

Mazungumzo haya ndiyo magumu kuliko bei. Kwa mwanaume aliyeishi miaka 40 akiwa mtu wa kutegemewa, kunyang'anywa ufunguo ni sawa na kuambiwa amekwisha. Ndiyo sababu watoto hunyamaza hadi ajali itokee.

Ni rahisi zaidi kuyazungumza siku ya kununua, wakati kila mtu ana furaha. Watoto wanaweza kusema, "Mzee, gari hili ni lako. Tunaomba tukubaliane leo ni dalili zipi zikionekana utampa mwingine aendeshe." Dalili zenyewe zinajulikana: mikwaruzo mipya isiyo na maelezo, kupotea njia aliyoizoea, kuchanganya breki na mafuta, kushindwa kuona vizuri jioni, kuanguka au kuzimia. Kwanza aache kuvuta tela. Halafu aache kuendesha usiku na kwenye mvua. Mwisho aendeshwe.

Makubaliano hayo yaandikwe na wote waweke sahihi, mzee akiwa wa kwanza. Yaambatane na ahadi ya watoto kwamba siku hiyo ikifika, fedha ya dereva au ya kukodi itatoka kwao kila mwezi bila kukumbushwa. Bila ahadi hiyo, watakuwa wanamwomba baba yao akubali kufungiwa nyumbani.

Kabla ya kulipa, familia ijibu maswali sita: Ni safari zipi tunazifanya kila wiki? Mzigo wetu mzito una kilo ngapi, tela likiwemo? Kitabu cha gari kinaruhusu kiasi gani? Macho, sukari na magoti ya dereva vimepimwa lini? Pensheni ya mwezi italitunza? Na nani ataendesha siku mzee asipoweza? Swali moja likikosa jibu, kusubiri mwezi mmoja zaidi hakugharimu kitu, na pikapu ya kukodi bado ipo.